5W-30 au 20W-50? Oili gani kwa gari la Malindi

Ukiingia gereji ya Malindi, iwe Maweni au kandokando ya barabara ya Lamu, ukauliza gari litiwe oili gani, jibu linakuja kabla swali halijaisha: "Huku kwetu joto, tia nzito." Nzito hiyo ni 20W-50. Galoni ile ile itamiminwa kwenye Vitz, kwenye Probox ya Marafa, kwenye Land Cruiser ya safari na kwenye tuktuk. Kwa tuktuk jibu hilo ni sawa kabisa. Kwa Land Cruiser ya zamani si baya. Kwa Vitz na Probox mimi silikubali, na hiyo sababu ya joto la Pwani ndiyo dhaifu kuliko zote.

Tuanze na hilo joto. Kila injini ya gari ina themostati, na nyingi hufunguka maji yakifika nyuzi 80 na ushei. Kabla ya hapo maji hayapiti kwenye rejeta, ili injini ipate moto upesi. Baada ya hapo rejeta na feni ndizo zinazolinda maji yasizidi kiwango. Gari lililoamka Limuru kwenye ukungu wa nyuzi 12, na lililoamka Malindi kwenye nyuzi 28, yakienda nusu saa kwa mwendo mmoja, injini zao zitakuwa na joto linalokaribiana sana. Joto la oili hubadilishwa zaidi na kazi: mzigo, kasi, gia ya chini kwenye mchanga, rejeta iliyoziba kwa tope na kutu. Kama gari lako linachemsha mtaani Malindi, shida yako ni ya maji na feni, na hakuna galoni ya oili itakayoiponya.

Sasa namba zenyewe. Zimewekwa na SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari iliyoanzia Marekani. Ya kwanza, ile yenye W, hupimwa kwenye baridi kali. Oili ya 20W lazima iruhusu injini kuzungushwa na stata kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. 15W kwenye 20 chini ya sifuri. 10W kwenye 25. 5W kwenye 30. 0W kwenye 35. Malindi hata usiku wa Julai huoni baridi ya kukufanya ufunge madirisha, kwa hiyo kwa kuwasha tu, zote zinapita mtihani huku zimelala. Hiyo haina maana kwamba namba ya kwanza ni bure, na nitairudia.

Ya pili ndiyo inayoeleza mnato wa oili, yaani ugumu wake wa kutiririka, utakuwaje injini ikishapata moto:

| Namba ya pili | Mnato kwa nyuzi 100 (senti-stoki) | Mnato wa chini unaokubaliwa kwa nyuzi 150, oili ikisuguliwa kwa kasi (milipaskali-sekunde) |
|---|---|---|
| 20 | 6.9 hadi chini ya 9.3 | 2.6 |
| 30 | 9.3 hadi chini ya 12.5 | 2.9 |
| 40 | 12.5 hadi chini ya 16.3 | 3.5, au 3.7 kwa 15W-40 na 20W-40 |
| 50 | 16.3 hadi chini ya 21.9 | 3.7 |

Safu ya mwisho haisomwi na wengi, nayo ndiyo inayokaribia hali halisi ndani ya beringi, mahali oili inapobanwa na kusuguliwa kwa wakati mmoja. Iangalie tena: 15W-40 inadaiwa kiwango kile kile cha chini na 20W-50. Tutakapofika kwenye dizeli hilo litatufaa.

Petroli ya Kijapani: 5W-30 na 20W-50

Hapa ndipo magari mengi ya mjini yalipo, kwa hiyo nitakaa.

Chukua 1NZ-FE, injini ya lita 1.5 iliyo kwenye Probox, Succeed, Ist, Fielder za zamani na baadhi ya Vitz. Nafasi kati ya kranki na beringi zake ni sehemu za mia za milimita. Pampu husukuma oili ipite hapo, ipande hadi kwenye kemshafti, fimbo inayofungua vali, na ifike kwenye VVT-i, mtambo wa Toyota unaobadilisha wakati wa vali kufunguka. Na hiyo VVT-i inafanya kazi kwa nguvu ya oili yenyewe: vali ndogo ya umeme hupitisha oili kwenye njia nyembamba, nayo oili huizungusha kemshafti kidogo, mbele au nyuma, kufuata mwendo wa gari. Oili ikiwa nzito kupita ilivyokusudiwa, au ikiwa imechakaa na kujaa uchafu, kemshafti inachelewa kuitika. Dereva ataona gari limekuwa zito kuondoka. Wakati mwingine taa ya injini inawaka, na mashine ya kusoma kosa inaandika P0011, kosa la mpangilio wa kemshafti. Vali inabadilishwa, mwenye gari analipa, na oili haijaulizwa.

Halafu asubuhi. Gari limelala nje Muyeye na oili yote imeteremkia kwenye sampu, bakuli la chini ya injini. Kwa nyuzi 40, kipimo ambacho watengenezaji hukiandika kwenye karatasi zao, 5W-30 huwa na mnato wa karibu senti-stoki 60 hadi 70. 20W-50 huwa 150 au zaidi. Kwenye nyuzi 25 za alfajiri tofauti hiyo inapanuka zaidi. Ndipo namba ya kwanza inaporudi: haihusiki na barafu, ila oili yenye W ndogo huwahi kufika juu. Simama karibu na boneti likiwa wazi mwenzako akiwasha, usikilize. Kwenye oili nzito, ile ka-ka-ka ya kichwani inachukua muda kabla ya kunyamaza. Muda huo wote chuma kinasugua chuma kwa utando uliobaki jana.

Filta nayo ina habari yake. Ndani yake mna vali inayofunguka pale karatasi inaposhindwa kupitisha oili kwa wingi unaotakiwa, ili injini isikauke. Oili nzito ikiwa bado baridi huifungua vali hiyo kwa urahisi zaidi, na oili inayopitia hapo inaingia kwenye injini bila kuchujwa. Unaweza kununua filta nzuri ya bei ghali na bado ukazungusha mchanga asubuhi kwa asubuhi.

Wanaoitetea 20W-50 wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba shinikizo la oili linapanda. Ni kweli linapanda, lakini shinikizo hupima ugumu wa oili kupita, halipimi ni kiasi gani kimefika kwenye beringi ya mwisho. Na ile taa nyekundu ya dashibodi huzimika kwa shinikizo dogo sana, kwa hiyo kuzimika kwake usikuchukulie kama cheti cha daktari.

Hoja ya pili ina nguvu. Vitabu vya Toyota vilivyochapwa kwa masoko ya nchi za joto vina chati ambazo 15W-40 na 20W-50 zimo, na husema kwamba oili nzito zaidi huenda ikafaa gari linalokwenda kasi kubwa au lenye mzigo mkubwa. Imeandikwa hivyo, wala sitaificha. Lakini vitabu hivyo hivyo huitaja 5W-30 kuwa ndiyo nzuri zaidi kwa kubana matumizi ya petroli na kwa kuwasha injini baridi. 20W-50 imeruhusiwa, haijapewa kiti cha mbele. Na hata Probox ya Marafa, iliyojaza abiria hadi buti, na magunia juu, ikipanda kwa gia ya pili saa saba mchana, hiyo naikubalia kupanda daraja. Ipande hadi 5W-40 au 10W-40. Sioni inatafuta nini kwenye 50.

Kwa gari la mtu binafsi la Kijapani la petroli, basi, 5W-30. Ukiikosa dukani, chukua 10W-30 kabla ya kukimbilia 40 au 50. Kwa hali yetu ya hewa 10W-30 inakaribiana nayo sana, kwa sababu namba ya pili ni ile ile na baridi ya kuzitenganisha hatuna. Mara nyingi bei yake pia ni nafuu, na sielewi kwa nini maduka yetu hayaiweki mbele.

Kijana wa gereji atakuambia: "Ami, hiyo nyepesi itavuja." Mjibu: "Mwanangu, ikivuja ni sili imekufa. Nionyeshe inapovuja." Sili iliyokufa itavuja hata kwa 50, polepole zaidi tu, na siku ya kuibadilisha itafika pale pale.

0W-20: Aqua, Prius, Fit ya haibridi na jamaa zao

Fungua boneti utazame kifuniko cha kutilia oili. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya karibuni yameandikwa 0W-20 hapo hapo, kwa herufi za kuonekana. Watu wanaogopa kwa sababu ikimiminwa inakimbia kama maji ya wali. Usiogope. Injini hizo, na pampu zake, zimeundwa kwa oili hiyo, na ya haibridi huzimika na kuwaka mara nyingi ndani ya safari moja, kwa hiyo oili inayofika upesi ni faida kwake.

Lakini 0W-20 haikuletwa duniani kwa ajili ya kudumu kwa injini. Ililetwa zaidi na sheria za matumizi ya mafuta, Marekani na Japani, ambako kila sehemu ya asilimia inahesabiwa. Kwa hiyo mwenye Aqua akiniambia ametia 5W-30 simgombezi. Ni hatua moja tu juu. Vitabu vya Toyota vya Marekani navyo huruhusu 5W-20 pale 0W-20 inapokosekana, kwa sharti kwamba sevisi inayofuata urudi kwenye 0W-20. Akiniambia ametia 20W-50, hapo nitamwomba aimwage.

Wasiwasi wangu na 0W-20 mjini kwetu ni wa muda. Gari linatoka Shella kwenda sokoni, linarudi, linazimwa. Oili haikupata moto wa kutosha kuchoma unyevu na petroli iliyoteremka pembeni ya pistoni. Petroli hiyo inaipunguza oili nguvu, na oili iliyoanza ikiwa nyepesi haina mahali pengi pa kushuka. Mwenye safari fupi fupi asingoje kilomita 10,000. Amwage kwenye 5,000, au miezi sita, kitakachotangulia.

Gari linalokula oili

Hapa 10W-40 na 5W-40 zina kazi ya haki. Gari limefika na kilomita nyingi (na ile namba ya dashibodi tunajua huwa inarudishwa nyuma), linapunguza oili kati ya sevisi na sevisi. Vitabu vya Toyota huhesabu hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa ndani ya mpaka, ingawa mimi nikiona nusu ya hapo nishaanza kuuliza maswali. Tazama moshi. Ukiwa wa bluu asubuhi unapowasha kisha ukaisha, ni sili za vali. Ukitoka unapokanyaga mafuta barabarani, ni ringi za pistoni. Kuna injini zinazojulikana kwa tabia hii, kama 2AZ-FE ya lita 2.4, ambayo ringi zake huziba kwa masizi. Kupanda kutoka 30 hadi 40 kutapunguza ulaji kidogo. Hakutazifungua ringi zilizokwama, na kupanda tena hadi 50 hakutazifungua pia. Unanunua muda wa kutafuta pesa, ambao nao una thamani yake.

Dizeli: 15W-40 dhidi ya 20W-50

Hii ni rahisi. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ inayopeleka wageni Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, Isuzu inayobeba chumvi kutoka Gongoni na Marereni, Hiace ya dizeli ya zamani inayokwenda Mokowe kupitia Garsen: 15W-40 kwa zote. Rudi kwenye jedwali, safu ya mwisho. Utando unaodaiwa ni ule ule wa 20W-50, na asubuhi oili inapanda upesi zaidi. 20W-50 ibaki kwa injini iliyochoka kabisa inayongoja kufunguliwa.

Kwenye dizeli herufi zina uzito kuliko namba. Hizo ni za API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga viwango vya oili: ya petroli huandikwa API S-kitu, ya dizeli C-kitu. Dizeli hutoa masizi, na oili yake hutiwa dawa ya kuyabeba yasigandane. Ndiyo maana inakuwa nyeusi siku mbili tu baada ya kubadilishwa, na huo weusi si ubaya. Tafuta CI-4 au CK-4. Galoni iliyoandikwa S peke yake usiitie kwenye Isuzu hata ikiwa ya namba sahihi.

Isipokuwa Mazda ya dizeli, CX-5 na ndugu zake, zenye filta ya moshi kwenye ekzosi. Filta hiyo huchoma masizi lakini haiwezi kuchoma majivu yanayoachwa na dawa za oili, na CI-4 ina majivu mengi. Hizo zinataka 0W-30 au 5W-30 yenye alama ya JASO DL-1, kiwango cha Kijapani. Ni ngumu kuipata Malindi. Agiza Mombasa mapema, usingoje siku ya sevisi. Waliozitilia 15W-40 ya lori ndio hao unaowaona wanazunguka kutafuta fundi wa kuing'oa filta.

Kwenye petroli nako soma herufi. SN ilianza 2010, SP ikaja 2020 na masharti zaidi kuhusu kuchakaa kwa cheni ya taimingi. Galoni ya bei rahisi ikiandikwa SF, hicho ni kiwango cha magari ya miaka ya 1980, na mara nyingi utakikuta kwenye 20W-50. Kati ya 10W-40 ya SN na 5W-30 ya SF, kwa injini ya leo nachukua ya kwanza bila kufikiri mara mbili.

Tuktuk na bodaboda

Huku ndiko 20W-50 ilikojipatia sifa, na ilistahili. Injini ni ndogo, nyingi hupozwa kwa upepo, hazina themostati wala maji, na mchana kutwa zinatambaa kati ya stendi na hospitali zikiwa na abiria watatu nyuma. Hapo joto la nje linahusika kweli. Zaidi ya hayo oili ile ile inalainisha gia na klachi inayoogelea ndani yake. Kwa hiyo tafuta alama ya JASO MA au MA2. Oili nyepesi za magari huwa na dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ikikosa msuguano inateleza: unavuta, injini inalia, tuktuk haiendi. Tofauti ya 5W-30 na 20W-50 imegeuka kinyume hapa, na kosa la gereji zetu ni kulichukua jibu la tuktuk na kulipeleka kwenye Vitz.

Galoni yenyewe

Uchaguzi wote huu ni kazi bure kama ndani ya galoni mna kitu kingine. Oili ya kupima, inayochotwa kwenye pipa kwa jagi, mimi siigusi kwa gari la petroli la kisasa. Hujui imeandikwa nini wala pipa limefunikwa na nini. Galoni angalia sili ya kifuniko, stika ya KEBS, na namba ya toleo isiwe imefutwa. Baada ya sevisi ondoka na galoni yako tupu, au itoboe kisu mbele ya fundi, kwa sababu makopo matupu ya majina makubwa yana soko lake. Oili chafu mwachie: mashambani huko watu wanaipaka kwenye boriti na nguzo za ua kuzuia mchwa, ingawa karibu na kisima au mfereji haifai hata tone.

Ukihama kutoka 50 kwenda 30

Kama gari lako la petroli limekunywa 20W-50 kwa miaka, usitie dawa ya kusafisha injini siku ya kuhama. Masizi yaking'oka kwa pamoja yanaziba wavu wa pampu. Mwaga oili ikiwa na moto, uiache itone hadi ikome, badilisha filta. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo kwenye galoni ya lita 4 hubaki kiasi cha soda moja. Ihifadhi ya kuongezea, usiruhusu imiminwe yote. Washa dakika mbili, zima, ngoja dakika tano gari likiwa sehemu tambarare, ndipo uchomoe dipstiki.

Baadaye ipime kila Ijumaa kabla ya kuwasha, kwa mwezi wa kwanza. Ikitoka alama ya juu hadi ya chini kabla ya kilomita 1,000, ongeza kwa oili ile ile, tazama chini ya gari na nyuma ya ekzosi inakotokea, na sevisi ijayo panda hadi 10W-40. Isiposhuka, baki hapo.